Otto Lilienthal na Hewa Inayopanda

Ndege asiyepiga mabawa

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumwona tai akizunguka angani wakati wa jua kali. Hupiga duara moja, kisha la pili, kisha la tatu. Mabawa yake ameyatandaza, wala hayapigi. Hata hivyo hashuki. Kila duara humchukua juu zaidi, mpaka anaonekana mdogo kama nukta.

Je, umewahi kujiuliza jambo hili huwezekanaje? Jiwe ukilirusha juu, huanguka. Embe likikatika mtini, huanguka. Tai naye ana uzito wa kilo kadhaa. Kwa nini yeye hapandi kwa nguvu zake, na bado anapanda?

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alikuwako mtu mmoja katika nchi ya Ujerumani aliyejiuliza swali kama hilo tangu utotoni. Jina lake Otto Lilienthal. Alilitafutia jibu kwa maisha yake yote. Mwishowe hewa ile aliyotaka kuifahamu ndiyo iliyomwua. Hii ni habari ya maisha yake, na ya watu walioifuata njia aliyoianza.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Kwa Kiswahili, kiumbe mwenye manyoya tunamwita ndege. Chombo cha kusafiria angani nacho tunakiita ndege. Ili tusichanganyikiwe, katika habari hii ndege ni yule mwenye manyoya. Chombo tutakiita eropleni.

Mtoto wa Anklam

Otto alizaliwa tarehe 23 Mei, 1848, katika mji mdogo wa Anklam, kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Mama yake, Caroline, alikuwa amesomea muziki. Wazazi hao walijaliwa watoto wanane, lakini watano walikufa wakiwa wadogo. Walibaki watatu tu: Otto, mdogo wake Gustav, na umbu lao Marie.

Mwaka 1861 baba alifariki. Mama akabaki mjane na watoto watatu. Maisha yalikuwa magumu, lakini watoto waliendelea na shule.

Nje ya mji wa Anklam palikuwa na mbuga za majani na maji. Korongo weupe walikuja huko kutafuta chakula. Otto na Gustav walipenda sana kuwatazama. Waliona kwamba korongo anapotaka kuruka, kwanza huelekea kule upepo unakotoka. Hurukaruka hatua chache, kisha upepo humsaidia kuinuka. Hawakufundishwa jambo hili na mwalimu. Walilifahamu kwa kutazama.

Mwaka 1862 Otto alikuwa na umri wa miaka 14. Yeye na mdogo wake walitengeneza mabawa kwa mbao nyembamba. Wakayafunga mikononi, wakapanda kilima, wakateremka mbio. Walifanya hivyo usiku ili wenzao wa shule wasiwacheke. Mabawa yale hayakuwainua hata kidogo. Lakini vijana hawa hawakukata tamaa. Walijua kwamba bado hawajajua.

Korongo wanaofika kwetu

Msomaji, korongo wale wa Anklam si wageni kwako. Huenda umewaona shambani. Ni ndege wakubwa, weupe, wenye ncha nyeusi za mabawa, na mdomo na miguu myekundu. Huja Afrika Mashariki wakati Ulaya kuna baridi kali. Hapa hula nzige, viwavi na wadudu wengine.

Mwezi wa Agosti huondoka Ujerumani. Hupita Uturuki, hupita Mashariki ya Kati, huingia Misri, kisha Sudan, na kuendelea kusini. Wengine hufika mpaka Afrika Kusini. Safari hiyo ni ya maelfu ya kilomita.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua korongo huenda wapi. Mwaka 1822, kaskazini mwa Ujerumani, korongo mmoja alipigwa risasi. Walipomwokota walistaajabu. Shingoni mwake alikuwa amechomwa mkuki wa Kiafrika, naye alikuwa ameruka nao mpaka Ulaya. Hapo ndipo walipopata ushahidi kwamba korongo hufika Afrika. Jambo hilo lilitokea miaka 26 kabla Otto hajazaliwa.

Korongo huyavukaje maelfu ya kilomita? Akipiga mabawa njia nzima, atachoka na kufa. Kwa hiyo hufanya kama tai. Hutafuta mahali hewa inapopanda, huzunguka humo mpaka juu, kisha huteleza mbele huku akishuka polepole. Akikaribia chini, hutafuta mahali pengine. Ndiyo maana huizunguka bahari kubwa badala ya kuivuka katikati. Juu ya bahari ile hewa hiyo ni haba.

Mchana kiwandani, jioni mabawa

Otto alisomea ufundi wa mashine katika mji wa Potsdam, kisha katika mji wa Berlin. Mwaka 1870 Ujerumani na Ufaransa ziliingia vitani, naye akaenda kuwa askari. Vita vilipokwisha alirudi kwenye ufundi.

Alikuwa mtu wa akili nyingi. Alibuni tanuri la kuchemshia maji ya injini za mvuke. Tanuri hilo lilikuwa dogo na la salama kuliko mengi ya wakati ule. Kwa faida yake alifungua kiwanda chake mwenyewe mjini Berlin. Mwaka 1890 aliamua kwamba robo ya faida ya kiwanda igawiwe wafanyakazi. Jambo hilo lilikuwa geni sana kwa matajiri wa siku zile.

Mwaka 1878 alimwoa Agnes Fischer. Walipata watoto wanne. Basi Otto alikuwa na kazi, na mke, na watoto wa kutunza. Hata hivyo, kila alipopata nafasi, alirudi kwenye mabawa yake.

Kupima kabla ya kuruka

Watu wengi kabla yake walikuwa wamejaribu kuruka. Walijifunga mabawa wakajitupa kutoka juu ya minara. Wengi walivunjika, wengine walikufa. Otto hakufanya hivyo. Alisema moyoni kwamba ni lazima apime kwanza.

Alitengeneza mti mrefu unaozunguka juu ya nguzo, kama ule mti wa kinu cha zamani cha kukamulia ufuta. Kwenye ncha ya mti aliweka bawa dogo. Mti ulipozunguka, hewa ilipita kwenye bawa. Otto alipima bawa hilo linabeba uzito gani. Alibadilisha umbo la bawa, akapima tena. Aliandika kila kitu.

Aligundua nini? Aligundua kwamba bawa lililonyooka kama ubao hubeba kidogo. Lakini bawa lililopindika kidogo, kama mgongo wa kijiko, hubeba zaidi sana. Mtazame kuku unapomchinja. Nyoosha bawa lake ulitazame kwa pembeni. Utaona lina mgongo. Siri ilikuwa hapo siku zote, lakini ilingojea mtu wa kuipima.

Otto na Gustav pia walifuga makinda ya korongo nyumbani, ili wayatazame yakijifunza kuruka.

Mwaka 1889 Otto alitoa kitabu kuhusu kuruka kwa ndege. Ndani yake aliweka vipimo vyake vyote. Wakati ule walionunua kitabu hicho walikuwa wachache. Lakini kilikuwa kimekwisha andikwa, na baadaye tutaona faida yake.

Katika kitabu hicho Otto alieleza jambo jingine. Aliona kwamba upepo hauendi sawasawa na ardhi, bali huelekea juu kidogo. Alifikiri hii ndiyo sababu korongo hapigi mabawa. Hapo alikuwa amekaribia ukweli, lakini hakuufikia wote. Leo tunajua kwamba hewa haipandi kila mahali. Mahali pamoja hupanda, mahali pengine hushuka. Anayetaka kubaki juu lazima ajue ni wapi.

Mtu anaruka

Mwaka 1891, karibu na kijiji cha Derwitz, Otto aliruka. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alikimbia kuteremka kilima akielekea upepo, kama korongo wa Anklam. Mabawa yakambeba. Alikwenda mita kama 25, kisha akatua kwa miguu yake.

Mabawa yale yalitengenezwa kwa fito za mti mwepesi na kufunikwa kwa kitambaa cha pamba. Yalikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Otto alijishika katikati kwa mikono, na miguu yake ilining'inia chini.

Mwaka 1893 alikwenda kwenye vilima vya Rhinow. Huko aliweza kuruka mpaka mita 250. Mwaka 1894, karibu na nyumbani kwake, alifanyiza kilima cha udongo chenye urefu wa mita 15. Juu ya kilima hicho aliweza kuruka upepo ulikotoka pande zote. Watu walikuja kutazama. Wapiga picha walimpiga picha akiwa angani, na picha hizo zikaenda dunia nzima. Sasa hapakuwa na mtu aliyeweza kukataa. Binadamu ameruka.

Kwa miaka mitano Otto aliruka mara 2,000 hivi. Lakini kila mara aliruka kwa muda mfupi sana. Ukijumlisha muda wote aliokaa angani, ni saa chache tu.

Nyakati nyingine upepo ulipopiga kilima, ulielekea juu, nao ulimwinua Otto kupita mahali alipoanzia. Mara nyingine alisimama angani pasipo kwenda mbele wala nyuma. Hapo alitamani sana kuzunguka kama korongo, apande zaidi. Lakini alijua mabawa yake hayako tayari.

Kwa nini hayakuwa tayari? Kwa sababu Otto hakuwa na usukani. Bawa la kushoto likiinuka, alirusha miguu yake kushoto ili uzito ulirudishe chini. Mabawa yakiinuka mbele, alirusha miguu mbele. Uzito wa mwili wake ndio uliokuwa usukani. Katika upepo mtulivu ulitosha. Katika upepo wa ghafla ulikuwa mdogo mno.

Jumapili ya mwezi wa Agosti

Tarehe 9 Agosti, 1896, ilikuwa siku ya Jumapili. Otto alikwenda kwenye kilima cha Gollenberg, karibu na kijiji cha Stölln. Alifuatana na fundi wake, Paul Beylich. Jua lilikuwa linawaka.

Otto aliruka vizuri. Akarudi juu, akaruka tena. Mara, akiwa angani, hewa ilimpiga kwa ghafla. Mabawa yakasimama. Yakainuka mbele. Otto akarusha miguu yake mbele ili kuyarudisha, lakini hayakurudi. Alianguka kutoka mita 15 hivi.

Wachunguzi wa baadaye wameeleza kwamba hewa ile ilikuwa hewa ya joto iliyopanda kutoka ardhini. Yaani ni hewa ileile inayowainua tai na korongo.

Otto alivunjika mfupa wa shingo. Walimchukua mpaka Berlin kwa matibabu, lakini hakupona. Alifariki siku ya pili, tarehe 10 Agosti, 1896. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Waliofuata njia yake

Habari za kifo hicho zilivuka bahari. Huko Marekani walikuwako ndugu wawili mafundi wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright. Walisoma habari za Otto. Baadaye walisoma pia vipimo vyake, wakavipima upya na kuvisahihisha. Waliona kwamba Otto alishindwa kwa kukosa usukani, si kwa kukosa mabawa. Wakabuni njia ya kuzipinda ncha za mabawa ili kuiongoza eropleni. Tarehe 17 Desemba, 1903, waliruka kwa eropleni yenye injini.

Lakini lile swali la tai lilikuwa bado. Je, binadamu anaweza kubaki juu bila injini? Mwaka 1911 Orville Wright alikaa angani dakika 9 na sekunde 45 bila injini, akibebwa na upepo uliopanda kilimani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Wajerumani walizuiwa kutengeneza eropleni zenye injini. Basi vijana wao wakarudi kwenye mabawa ya Otto. Tangu mwaka 1920 walikutana kwenye mlima unaoitwa Wasserkuppe. Walikwenda na kurudi mbele ya mlima, wakibebwa na upepo unaopanda ukutani mwake. Mwaka 1922 mmoja wao alikaa juu zaidi ya saa 3. Lakini hakuthubutu kwenda mbali na mlima. Akiuacha mlima, hewa inayopanda imekwisha.

Mwaka 1926 rubani Max Kegel alichukuliwa na wingu la mvua ya radi. Lilimwinua juu sana, akatua zaidi ya kilomita 50 kutoka alipoanzia. Watu wakaona kwamba hewa hupanda hata pasipo mlima.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Robert Kronfeld, mtu wa Austria, alianza kutumia kipimo kinachoonyesha kama eropleni inapanda au inashuka. Mwaka 1930, nchini Marekani, rubani Mjerumani Wolf Hirth alizunguka katika hewa ya joto chini ya anga lisilo na wingu. Alifanya alivyofanya tai. Sasa jibu likawa limepatikana.

Jinsi ya kuitafuta hewa inayopanda

Msomaji, na tulieleze jibu hilo.

Jua haliipashi hewa joto moja kwa moja. Hupasha ardhi, nayo ardhi hupasha hewa iliyo juu yake. Lakini ardhi haipati joto sawasawa. Shamba kavu lililolimwa, mwamba na paa za mabati hupata joto upesi. Bwawa, shamba la mpunga na msitu hukawia.

Hewa yenye joto ni nyepesi. Umeona cheche za moto zikipanda juu usiku. Zinabebwa na hewa ya joto. Vivyo hivyo, hewa iliyo juu ya shamba kavu hujibandua na kupanda kama nguzo. Nguzo hiyo inaweza kuwa na upana wa mita mia kadhaa. Kandokando yake hewa ya baridi hushuka kuchukua nafasi.

Hewa haionekani kwa macho. Rubani huijuaje? Hutazama dalili.

Dalili ya kwanza ni ndege. Tai wakizunguka mahali pamoja, hapo pana hewa inayopanda. Rubani huwaendea, na mara nyingi huzunguka pamoja nao.

Dalili ya pili ni mawingu. Hewa inapopanda hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu, kama mvuke unavyogeuka matone kwenye mfuniko wa sufuria. Wingu jeupe kama pamba, lenye tako bapa, ni alama kwamba chini yake hewa inapanda. Wingu linaloanza kukatikakatika limekwisha nguvu.

Dalili ya tatu ni vumbi. Umewahi kuona chamchela inayozoa vumbi na majani makavu. Hiyo ni hewa ya joto inayong'oka ardhini.

Dalili ya nne ni ardhi yenyewe. Rubani huitazama kama mkulima. Hujiuliza, ni wapi pakavu? Ni wapi jua limepapiga tangu asubuhi?

Sasa unajua pia kwa nini tai hawazunguki juu alfajiri. Ardhi ingali baridi. Tai hukaa mtini akingoja, mpaka saa 3 au saa 4 asubuhi.

Jinsi ya kubaki katikati

Kuipata hewa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kubaki ndani yake.

Eropleni isiyo na injini hushuka daima. Hushuka karibu mita 1 kila sekunde. Lakini ikiwa ndani ya hewa inayopanda mita 3 kila sekunde, hewa huichukua. Ni kama mtu anayetembea kuelekea nyuma ndani ya basi linalokwenda mbele. Yeye anarudi nyuma, lakini basi linampeleka mbele. Hebu tupige hesabu. Hewa inapanda mita 3, eropleni inashuka mita 1. Zinabaki mita 2 kila sekunde. Kwa dakika moja ni mita 120. Kwa dakika 10 ni mita 1,200.

Rubani anapokaribia nguzo ya hewa, kwanza huhisi anashuka. Hiyo ni hewa ya kandokando. Kisha huhisi kiti kinamsukuma juu. Mara nyingi bawa moja huinuka kuliko jingine. Hapa pana mtego. Bawa la kulia likiinuka, eropleni hutaka kugeuka kushoto. Rubani asiyejua huiachia, naye hutupwa nje. Rubani mjuzi hugeukia upande wa bawa lililoinuka, kwa sababu hewa yenye nguvu iko upande huo.

Kisha huanza kuzunguka. Duara moja huchukua sekunde 20 au zaidi kidogo. Akiwa anazunguka, hukitazama kipimo. Tuseme upande wa kaskazini kipimo kinaonyesha kupanda mita 3, na upande wa kusini mita 1. Maana yake moyo wa nguzo uko kaskazini. Basi akielekea kaskazini huyanyoosha mabawa kwa sekunde chache, kisha hugeuka tena. Duara lake lote limesogea kaskazini. Huzunguka, hutazama, husogea tena, mpaka kipimo kionyeshe sawasawa pande zote. Hapo yuko katikati.

Lakini kazi haijaisha. Nguzo huinamishwa na upepo, kama moshi. Kwa hiyo kila duara lazima apime tena.

Jambo moja halisahau kamwe. Mabawa hubeba kwa sababu hewa inapita juu yake kwa mwendo wa kutosha. Ukiiinua mno pua ya eropleni, mwendo hupotea na mabawa hayabebi tena. Hivyo ndivyo alivyoanguka Otto. Rubani wa leo ana usukani, ana mkanda wa kiti, na amefundishwa kuishusha pua mara moja ili mwendo urudi. Eropleni mbili zikiwa katika nguzo moja, zote huzunguka upande uleule alioanza wa kwanza, ili zisigongane.

Akifika juu, rubani huiacha nguzo na kuteleza kwenda kutafuta nyingine. Kwa njia hii, tarehe 25 Aprili, 1972, Hans-Werner Grosse aliruka bila injini kutoka Lübeck, Ujerumani, mpaka Biarritz, Ufaransa. Alikwenda kilomita 1,460 kwa siku moja. Ni mbali kuliko safari ya gari kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza.

Alichotuachia

Otto Lilienthal hakuiona siku hiyo. Hakuwahi kuzunguka kama korongo hata mara moja. Lakini vipimo vyake havikuzikwa pamoja naye, kwa sababu alikuwa ameviandika. Watu wa nchi ya mbali, ambao hakuwahi kuonana nao, walivisoma. Walipoona kosa walilisahihisha, na waliokuja baada yao wakaongeza yao.

Kijijini mwako pia wako watu wenye ujuzi wa mvua, wa udongo, wa dawa na wa mifugo. Wameupata kwa kutazama miaka mingi. Sasa wewe unajua kuandika. Waulize, nawe uandike, kabla ujuzi huo haujapotea.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Otto na Gustav walijifunza nini kwa kuwatazama korongo?
2. Kwa nini Otto alipima mabawa kabla ya kujaribu kuruka?
3. Otto alitumia nini badala ya usukani? Kwa nini hakikutosha?
4. Taja dalili nne za hewa inayopanda. Ni ipi uliyowahi kuiona kijijini kwako?
5. Hewa inapanda mita 4 kila sekunde. Eropleni inashuka mita 1 kila sekunde. Je, itapanda mita ngapi kwa dakika moja?
6. Kesho watazame tai. Andika ni saa ngapi wanaanza kuzunguka, na juu ya ardhi ya namna gani.